Mbuzi wa Chumba cha Baridi

Kuna watu walitoka nchi ya theluji wakaja Lodwar kutengeneza baridi. Wangekuja kuuza mchanga wangekuwa na nafuu, maana mchanga hauhitaji dizeli. Walijenga kiwanda cha samaki pembeni mwa Kanamkemer, kwenye barabara inayokwenda ziwani, kuta za mawe, paa refu lililobebwa na mbao nene ambazo mpaka leo hakuna anayejua zilikatwa msitu gani. Samaki wa Ferguson's Gulf na Kataboi, walisema, wataletwa hapa, watagandishwa, watapanda malori mpaka miji mikubwa. Wafugaji waliozoea kuwacheka walaji wa samaki kuwa ni watu walioishiwa ng'ombe walikuja kutazama, wakagusa barafu, wakapiga kelele, wakarudi kwa mifugo yao. Mitambo ilikula mafuta kuliko watu walivyokula samaki, ziwa nalo likarudi nyuma likawaachia wavuvi tope. Siku moja wenye kiwanda wakafunga milango, wakamwambia mlinzi alinde mpaka warudi, wakaenda zao. Hawajarudi.

Jengo lilikaa hivyo miaka na miaka, popo juu na mbuzi chini, hadi alipokuja Awoi.

Awoi alikuwa binti wa hapo hapo Lodwar aliyesomea uhandisi Nairobi, mwenye buti za kazi, simu mbili, na sauti ambayo haikuhitaji hata moja. Kampuni yake ilikuwa imelikodi jengo, na alichotaka ni kuligeuza ofisi: ofisi za kisasa zenye vioo na intaneti, meza ndefu za vijana wanaofanya kazi za kompyuta, na vyumba vya mashirika yaliyochoka kupikwa na joto ndani ya makontena. Watu walimcheka. Alicheka nao, kisha akaenda Kakuma kutafuta fundi wa mbao, kwa sababu mafundi wote wa mjini walimwambia mbao zile za paa zing'olewe viwekwe vyuma, naye hakutaka zing'olewe.

Ndivyo alivyompata Onésphore, seremala, Mrundi wa Rumonge, mtu wa maneno machache na misumari mdomoni, aliyekuwa akiishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, jirani na Kakuma, pamoja na mkewe Spéciose na binti yao Elyse. Onésphore alilipenda jengo lile siku ya kwanza alipoingia, na mapenzi yenyewe yalimwingilia puani. Kuta zilikuwa bado zina harufu ya samaki, kavu na ya mbali, naye alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, ambako asubuhi haijawa asubuhi mpaka ndagala, dagaa wa huko, waanze kunuka juani. Alisimama katikati ya ukumbi, akazitazama mbao kule juu kwa muda mrefu.

"Hizi hazijafa," akasema. "Zimelala tu."

"Basi ziamshe," Awoi akamjibu. "Jengo likifunguliwa, fundi, kile chumba cha injini pale nyuma ni chako. Karakana. Kila meza na kila mlango wa hapa utatoka kwako."

Onésphore alikwenda kukitazama chumba cha injini. Kilikuwa na dirisha moja, sakafu yenye madoa ya oili, na ukutani ndoano ambayo mtu angeweza kutundika msumeno. Tangu aikimbie nchi yake hakuwahi kuwa na ukuta wa kutundikia kitu ambacho hakikuja kama msaada. Alitoka pale akiwa amekwisha kupanga mahali pa kila kifaa, randa hapa, patasi pale, meza ya kurandia chini ya dirisha, na tangu siku hiyo ungeutafuta moyo wake ungeukuta mle ndani. Jengo lisipofunguliwa, kibali chake cha kutoka kambini kingekwisha, naye angerudi Kalobeyei kukaa na kungoja. Kungoja alikuwa amekwisha kukujua vya kutosha.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa na pembe.

Katikati ya jengo palikuwa na chumba cha baridi, kile walichogandishia samaki. Kuta zake zilikuwa nene, zimetiwa matabaka ya kuzuia joto, na ingawa mitambo ilikufa zamani, chumba hakikusahau kazi yake. Mchana, Lodwar yote ikiungua, mle ndani mtu aliweza kuvaa shati na kulifunga vifungo vyote. Shirika lililotaka kupanga jengo zima lilikitaka chumba hicho kuliko vingine, liweke humo mitambo yake ya kompyuta, na bila hicho lilisema halipangi. Lakini kabla ya shirika, mbuzi walikuwa wamekwisha kukiona. Walikuwa mbuzi wa Lomunokol, yule mlinzi aliyeambiwa alinde mpaka wenyewe warudi.

Lomunokol alikuwa mzee mrefu, mkavu, asiyeachana na kigoda chake kidogo cha mti, kile Waturkana wanachokiita ekicholong, kinachokaliwa mchana na kulaliwa kichwa usiku. Alikiweka mlangoni mwa chumba cha baridi, akakikalia, na hapo pakawa ofisi yake. Hakuna bati wala komeo lililoibwa katika jengo lile tangu lifungwe, na hilo Kanamkemer nzima ililijua. Awoi alimjia na barua. Mzee akaipokea, akaitazama pande zote mbili, akamlisha mbuzi. Awoi akaja na chifu. Mzee akampa chifu chai, wakazungumza habari za malisho. Akaja na fidia. Mzee akasema pesa ni mgeni asiyelala. Akamjengea zizi jipya lenye kivuli nje ya ua; mbuzi wakalinusa, wakarudi kwenye baridi yao.

Siku ya kwanza ya kazi, Onésphore alikuwa ndiyo kwanza ameweka ubao mezani mzee alipomjia na kusimama karibu mno.

"Ejok," mzee akasema.

"Ejok, mzee."

"Wewe iko Burundi?"

"Ndiyo. Miye Mrundi."

"Hiyo kofia yako iko mzuri. Nipe."

Kofia ilikuwa ya vipande vya kitenge, imeshonwa na Spéciose kwa mkono. Onésphore alidhani ni mzaha, akatabasamu. Mzee hakutabasamu. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, umetulia, hauna haraka wala haya. Onésphore akafikiria chumba cha injini, akafikiria mbuzi, akaona kheri nusu shari kuliko shari kamili. Akavua kofia akampa. Mzee akaivaa, akaiweka sawa, akaenda zake bila asante.

Kesho yake aliomba kalamu ya risasi iliyokuwa sikioni mwa fundi. Halafu akaomba kipande cha mbao kilichosazwa kwenye boriti ya paa. Halafu ndala. Siku alipoomba nusu ya ugali, Onésphore alimsukumia sahani nzima, akaenda kushinda na njaa yake na hasira yake juu ya kenchi za paa.

Ni lazima umwelewe. Kwao Rumonge mtu haombi hivi hivi. Ukiwa na shida kwa jirani, unabeba pombe ya ndizi, unakwenda, unakaa, mnazungumza habari za mvua, za shangazi mgonjwa, za padri mpya, na jua linapoanza kuinama ndipo shida yako inapochungulia mlangoni. Kisha akaja kambini, na huko kuomba kukawa ndiyo kazi yenyewe: foleni ya unga, foleni ya sabuni, foleni ya kuulizia foleni. Siku aliyoshika tena msumeno aliapa moyoni kwamba mkono wake sasa ni wa kazi, hautanyooka tena mbele ya mtu. Sasa hapa kuna mtu mzima, mwenye kundi la mbuzi, anamsimamia mtu asiye na hata kuku na kumwambia nipe, nipe. Onésphore aliona kwamba hata katika nchi hii ya mwisho kuna ushuru. Alilipa kwa meno yaliyokazwa.

Alipokwenda Kalobeyei kusalimia nyumbani, Spéciose alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Baba Elyse, kofia iko wapi?"

"Nimempa mzee mmoja."

"Na ndala?"

"Yule yule."

"Huyo mzee ni polisi?"

"Hapana. Ana mbuzi."

Spéciose alicheka mpaka akashika mlango, kisha kicheko kikamwishia ghafla. "Wewe huko unakwenda kufanya kazi ama unakwenda kuvuliwa? Tulitoka kwetu na nguo za mwilini tu. Usije ukarudi bila hata hizo." Onésphore alirudi Lodwar amevaa ndala za kuazima, na moyo umemjaa.

Siku iliyofuata mzee alikuja kama kawaida. Safari hii hakutazama kichwa wala miguu. Alitazama nyundo.

"Hii nyundo nipe."

Nyundo ile ilikuwa ya marehemu baba yake Onésphore. Mpini wake ulikuwa umelainishwa na kiganja cha baba kabla ya kulainishwa na cha mwana, na katika vyote alivyovuka navyo mpaka, hicho ndicho pekee kilichokuwa bado mikononi mwake.

"Hapana!" akafoka, na sauti ikarudi kutoka pembe zote za ukumbi. "Mzee, umenimaliza! Kofia umechukua, ndala umechukua, chakula umechukua. Miye ni mkimbizi, sina kitu. Wewe una mali. Unataka nini tena kwangu?"

Mafundi wote waliacha kazi. Lomunokol hakukasirika. Alibaki amesimama, amemkazia macho, kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya maneno.

"Ni hiyo tu?" akauliza mwishoni.

"Ni hiyo tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kigoda chake. Hakuja tena mezani, si kesho yake, si siku zilizofuata. Onésphore alikuwa amepata amani aliyoitaka, na alishangaa kuona haina ladha. Alifanya kazi haraka zaidi. Mbao za paa zilikaa sawa, vioo vikaja, rangi ikapakwa, ukumbi ukaanza kung'aa. Ila kila alipoinua macho alimwona mzee mlangoni mwa chumba cha baridi, kofia ya kitenge kichwani, kalamu sikioni, ametazama upande mwingine.

Ekiru, fundi wa umeme, kijana wa hapo hapo Kanamkemer mwenye mdomo usiopoa, ndiye aliyelifumbua jambo wakiwa wanakunywa chai.

"Fundi Ones, mmekosana na mzee?"

"Nimemnyima nyundo. Ndiyo amenuna."

"Kunyimwa si kitu! Mimi nikikuomba ngamia leo, unaninyima, tunacheka, kesho nakuomba tena. Mzee anaumwa na ingine. Amesema pale kwa maduka ati wewe umemfanya maskini."

"Miye? Nimempa mpaka natembea na ndala za watu!"

"Si ndio hiyo sasa. Umempa, umempa, na wewe hujamwomba hata tumbaku. Mtu wa kupewa tu ni nani? Ni mtu hana kitu. Sisi rafiki tunamwita lopae. Lopae unamwomba, na yeye anakuomba, hapo ndio mnashikana. Kofia anazo nyumbani. Lakini anavaa hiyo yako, anapita nayo soko yote, anasema, hii lopae wangu Burundi alinipea. Halafu watu wanamuuliza, na yeye amekuomba nini? Anakosa jibu." Ekiru akamwaga machicha ya chai. "Wewe umekaa kama shirika, bwana."

Maneno hayo yalimwingia Onésphore kuliko msumari. Alijiona amesimama upande wa pili wa dirisha la foleni, yeye mwenyewe, akigawa vitu bila kumtazama mtu usoni, akingoja tu aondoke. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kumbe alikuwa amenyooshewa mkono wa urafiki siku zote hizo, naye akauhesabu kuwa ni mkono wa ombaomba.

Jioni ile alinunua tumbaku, akaenda kwa mzee, akaketi chini. Alifanya kama alivyolelewa kwao. Aliuliza hali ya mbuzi. Akasifu mbuzi. Akasema mvua mwaka huu inaonekana itakuja. Akaeleza kwamba Rumonge nako mvua ina tabia zake. Kisha akaitoa tumbaku na kuiweka mbele ya mzee.

Lomunokol aliitazama ile tumbaku, akamtazama yeye. "Nani amekuomba hii?"

"Hakuna. Nimekuletea tu."

"Tena umenipea," mzee akasema kwa uchungu, akageuza uso.

Onésphore alitaka kusema. Neno lilikuwa moja, jepesi, hata mtoto hulisema kabla hajaota meno. Lilifika kooni, likaiona foleni ya unga, likaiona sahani ya bati, likarudi tumboni. Aliinuka akaenda zake, na tumbaku ikabaki pale chini bila mwenyewe.

Asubuhi Awoi alikuja na uso wa mtu aliyekata shauri. Wenye shirika walikuwa wanakuja kesho yake kukagua jengo. Nyuma ya gari lake kulikuwa na askari, wameitwa kuja kuwatoa mbuzi.

"Injinia, usifanye hivyo," Onésphore akamwambia.

"Nifanye nini basi? Nimembembeleza kwa kila njia."

"Umemwomba?"

"Naombaje kitu ambacho kiko kwenye mkataba wangu?" Awoi alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Nikiomba, ni kama nimekubali ni chake."

Lakini habari ya askari ilikuwa imetangulia. Watu wa Kanamkemer walikuwa wanaingia uani mpaka ndani ya ukumbi, wanaume na fimbo zao, akina mama na leso zimefungwa viunoni, na minong'ono ilikuwa ya aina moja: jengo wamepewa wageni, kazi wamepewa wageni, sasa hata mzee aliyelilinda anatupwa nje kwa ajili ya wageni. Mgeni wa kutazamwa alikuwa mmoja tu. Onésphore aliyaona macho yale, akajua yatakayofuata. Fimbo moja ikiinuka, shirika litageuza gari barabarani, kampuni itafunga lango, na chumba cha injini kitabaki na ndoano yake tupu. Na kuna kitu kingine kilichomuuma zaidi ya hicho: kwamba yule mzee angeburutwa pale mlangoni akiwa amevaa kofia yake.

Akaweka nyundo mezani. Akapita katikati ya askari, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya kigoda.

"Lopae," akasema.

Neno lilitoka vibaya, kwa matamshi ya Rumonge, na mwanamke mmoja akaangua kicheko. Lomunokol akainua uso.

"Eh."

"Nina shida."

"Sema."

Mdomo wa Onésphore ukaanza kuzunguka kwa mazoea. "Mwaka huu mvua..."

"Mvua hapana. Sema!"

Onésphore aliunyanyua mkono wake, ule alioapa hautanyooka tena, akaunyoosha.

"Nipe chumba."

Lomunokol aliutazama ule mkono, kisha akatazama nyuma yake, kwenye kiza cha baridi kilichojaa mbuzi, kisha akamrudia.

"Chumba yote?"

"Yote."

"Hujawahi kuniomba hata kiberiti, wewe. Leo unaanza na chumba?" Akawageukia watu, mikono wazi, kama anayetaka mashahidi. "Mtoto haanzi na mfupa. Omba ndogo kwanza!"

Watu wakacheka, fimbo zikashuka. Onésphore naye akajikuta anacheka. Ndogo. Alitazama huku na huku. Alitaka nini hasa kwa mtu huyu? Akakumbuka kwamba tangu siku ya kwanza, kwa jicho la seremala, kulikuwa na kitu alichokitamani kimyakimya: kile kigoda. Kilichongwa kwa mti mmoja, hakuna msumari wala gundi, miguu miwili myembamba na kikalio kilichong'arishwa na miaka.

"Nipe kigoda chako."

Mwanamke aliyecheka mwanzo akashika mdomo. Ekicholong ya mtu haiombwi ovyo. Ni kiti chake na mto wake, na wengi huondoka nayo duniani. Lomunokol aliinama akakitazama kigoda kati ya miguu yake. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yanameremeta kwa furaha.

"Jicho yako iko mbaya sana, Burundi," akasema, na kila mtu alisikia kwamba amesifu.

Akainuka. Aliinuka taratibu, goti moja kwanza, akakiokota kigoda, akakifuta kwa shuka yake, juu na chini, akakiweka kwenye ule mkono ulionyooshwa. Kilikuwa bado na joto la mwili wake.

"Shika."

"Na chumba?" Onésphore akauliza.

"Si nimesimama?"

Ndipo watu walipoona. Mlango wa chumba cha baridi, ambao barua haikuufungua wala chifu, ulikuwa wazi, hakuna anayeukalia. Lomunokol akapiga mluzi. Mbuzi wakatoka mmoja mmoja, wakipepesa macho juani, wakapita katikati ya askari kana kwamba wameletwa kuwapokea, wakaelekea kwenye zizi jipya.

"Wale watu wa samaki waliniambia nilinde mpaka warudi," mzee akamwambia Onésphore. "Wakirudi, ni wewe utaongea nao. Sema Lomunokol amepatia lopae wake."

Onésphore alilia. Alilia wazi, mbele ya askari na akina mama, amekumbatia kigoda kama mtu aliyeokota mtoto. Alikuwa ameomba, na dunia haikumpunguza hata kidogo. Alijisikia mtu mzima kuliko siku zote tangu avuke mpaka, na hakuona haya kusikia hivyo.

"Mimi nimemsihi mzee huyu mpaka nikachoka," Awoi alikuwa anamwambia Ekiru. "Mpaka nikachoka!"

"Injinia," Ekiru akasema, "wewe ulikuwa unampa tu."

Wenye shirika walikuja kesho yake, wakakuta chumba kimeoshwa mara nyingi na bado kinanukia mbuzi kwa mbali. Mmoja wao alisimama katikati, akafunga kifungo cha shati lake, akasema hapa ndipo. Mvua za kwanza zilikuta jengo limejaa watu. Vijana wa Lodwar na wengine wa Kakuma walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu za Onésphore, chini ya mbao zile zile za zamani, na mtu akiinua macho kutoka kwenye kompyuta aliziona zimebeba paa kana kwamba hazijawahi kulala. Lomunokol aliajiriwa mlinzi, kazi ambayo kwa maoni yake hakuwahi kuiacha. Siku ya kutia kidole gumba kwenye mkataba wa kazi alimwambia Awoi, "Una simu mbili. Nipe moja." Awoi akamnyima, akamwomba mbuzi, akanyimwa, na tangu hapo wanasalimiana kwa vicheko.

Spéciose alikuja Jumapili moja na Elyse, wameteremka kutoka Kakuma na vumbi lote la njia. Onésphore aliwapitisha kila chumba, akamalizia kwa chumba cha injini. Msumeno ulikuwa umetundikwa kwenye ndoano. Chini ya dirisha palikuwa na meza ya kurandia, na juu ya rafu, peke yake, kigoda kidogo ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukikalia. Spéciose aligusa ukuta kwa kiganja, akakiacha pale kidogo.

"Ni wetu?" akauliza.

"Wa kufanyia kazi. Ndiyo. Ni wetu."

Walipotoka nje walimkuta Lomunokol kivulini, amekalia kigoda kipya alichokichonga mwenyewe kwa kile kipande cha boriti alichokiomba zamani. Alikuwa na ndala za Onésphore miguuni na kofia ya kitenge kichwani. Spéciose alisimama ghafla.

"Hiyo kofia si nilishona miye?"

Lomunokol aliishika kofia kwa mikono miwili, akajivuna. "Iko yangu. Lopae alinipea. Unataka? Omba!"

Onésphore alimtazama mkewe. Aliujua ule uso. Alikuwa ameuona kwenye foleni, umeinamishwa, umefunikwa na kanga, ukipokea na kuondoka haraka. Alitaka kumwambia usiogope, lakini Spéciose hakumngoja. Aliwatazama mbuzi waliokuwa zizini, akawapitia mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya, akanyoosha mkono.

"Kofia baki nayo. Nipe yule mweupe mwenye maziwa."

Lomunokol alipiga kelele kama mtu aliyechomwa mwiba. Yule mweupe! Yule mama wa zizi zima! Akaanza kumweleza ukoo wa mbuzi yule, na bibi yake, na ukame alioupita, na Spéciose akamwitikia kwa kichwa bila kuushusha mkono. Mwisho mzee akamgeukia Onésphore, ameshindwa na amefurahi.

"Huyu mama anajua kuomba kuliko wewe," akasema. "Mwambie akae kwanza. Hiyo mambo ya mbuzi itachukua siku mzima."

Onésphore akaingia karakana. Akatoka na kile kigoda cha kwenye rafu, akakiweka kivulini, na Spéciose akakikalia.